Yaya yuko katikati ya shimio (kemotherapia) na uvimbe haupungui. Kumwona munganga (daktari) wa pili ni kumtukana wa kwanza?

Mdogo_wa_Katuba:
Jambo bandugu. Niko Lubumbashi, upande wa Katuba. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie, juu nikikata maneno mtanishauri hewani.

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza kwetu, miaka 46, ana kansa ya titi la kushoto. Uvimbe aliuona mwenyewe, akanyamaza nao mpaka ngozi ya juu ikaanza kuvutwa ndani, ndipo akamwambia mama. Walimtoboa kwa sindano nene, wakatoa vipande, karatasi ya anapati (maabara inayosoma nyama) ikarudi na jibu la kansa. Munganga akapima kwa rula: sentimita 5 kwa 4, na tezi za kwapa zimeguswa. Akasema tusikate kwanza, tuanze na shimio ili uvimbe upungue, kisha upasuaji, kisha mionzi. Tulikubali bila kelele.

Sasa amekwisha kupata mizunguko mitatu ya ile dawa nyekundu, ile ambayo hata mkojo unatoka na rangi yake. Nywele hakuna, kucha zimekuwa nyeusi, bukari (ugali) haipiti, anakunywa uji tu. Na nikimsaidia kuoga nagusa: uvimbe uko palepale.

Nyumbani hatuelewani. Kaka yetu aliye Johannesburg anataka tumtoe hapa haraka tumpeleke India. Mama anasema tusimuudhi munganga, yeye ndiye ameshika maisha ya mtoto wake. Shemeji anataka twende kwa munganga mwingine kimyakimya, tusimwambie kama kuna wa kwanza, tuone kama atasema jambo lilelile. Yaya mwenyewe hasemi kitu, anageukia ukuta.

Naomba wenye kujua: inafaa kuuliza mwingine wakati dawa imekwisha anza? Atakosa mzunguko wa nne? Na tukienda, tubebe nini? Hospitali sitaitaja, msiniulize.

Mtoto_wa_Mbagala:
Pole sana dada, na umpe pole mgonjwa. Niko Dar. Mama yangu alitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Wazo la shemeji yako lifukie leo leo. Ukimficha daktari wa pili, ataanza upya kama mgonjwa hajawahi kuguswa. Atataka vipimo vyote, hatajua dawa gani imeingia na kiasi gani, na ile dawa nyekundu ina kiasi ambacho mtu hapaswi kukivuka maisha yake yote, kwa sababu ya moyo. Mtu akipewa na huyu kisha akapewa na yule bila hesabu kujumlishwa, moyo ndio utakaolipa.

Kingine. Kwa mama hatukutafuta daktari wa pili kwa siri wala kwa wazi, kwa sababu kesi yake ilipelekwa kwenye kikao. Wanakaa mpasuaji, wa dawa, wa mionzi, wa patholojia, wanabishana juu ya faili moja. Kama hospitali yenu ina kikao cha namna hiyo, omba faili la yaya lipelekwe. Kama haina, basi hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuuliza kwingine, wala huhitaji sababu ya pili.

Vioo_na_Parafini:
Dada wa Katuba, pole. Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara ya patholojia kwa miaka mingi, nakata, natia rangi, napanga vioo kwa anayesoma. Nitasema upande wangu tu.

Watu wakitafuta maoni ya pili wanabadilisha sura ya daktari. Wanamkuta mwingine ofisini, wanampa karatasi ya anapati, anaisoma, anaitikia kwa kichwa. Hapo amepatikana msomaji wa pili wa karatasi moja. Karatasi ikiwa na kasoro, wote wawili watapotea njia moja. Picha za karatasi mnazowatumia ndugu walioko Ulaya kwa WhatsApp ni hivyohivyo. Kinachotakiwa kusomwa upya ni nyama yenyewe.

Nyama ya yaya wako haikutupwa. Ilitiwa formoli (dawa ya kuzuia nyama isioze), ikaondolewa maji, ikazamishwa kwenye nta ya parafini ndani ya kijisanduku cha plastiki chenye namba ubavuni. Hiyo tunaita bloki, na inaenea ndani ya kiberiti. Kutoka kwenye bloki tunakata utando wa mikroni 3 au 4, tunaulaza juu ya kioo, tunautia rangi ya waridi na zambarau. Vioo hupauka na kuvunjika. Bloki inakaa miaka.

Kabla hujafunga mzigo wa kwenda popote, niandikie hapa karatasi inasema nini, neno kwa neno, bila jina lake. Nataka aina ya kansa, daraja la ukali wake, halafu mistari ya RE, RP na HER2. Mbili za kwanza ni vipokezi vya homoni, ya tatu ni protini juu ya ukuta wa seli. Mistari hiyo mitatu inaamua dawa kuliko ukubwa wa uvimbe.

Mizizi_Tiba:
Dada achana na sumu hizo za hospitali. Tuna unga wa mizizi unayeyusha uvimbe kwa wiki chache bila kisu. Njoo inboksi.

Muuguzi_Ruashi:
Mizizi_Tiba, weka hapa hadharani mgonjwa mmoja mwenye karatasi ya anapati ya kabla na ya baada, sisi wote tusome. Inboksi hapana. Wamama wa namna hii tunawapokea titi likiwa limekwisha pasuka na kunuka, na unga wako bado uko kwenye mfuko wa kanga.

Sasa tuongee. Dada, mizunguko ya ile dawa nyekundu kwa kawaida inaachana siku 21, mahali pengine 14. Kati ya mzunguko na mzunguko kuna nafasi ya kumwona mtu mwingine bila kuruka dawa. Kwa hiyo mzunguko wa nne aende kama tarehe imefika na damu yake imeruhusu. Kuuliza na kusimamisha dawa ni mambo mawili. Mwaka 2020 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi: kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji wa saratani ziliambatana na hatari ya kifo kupanda kwa kama asilimia 6 hadi 8. Siku chache za kutafuta jibu hazimuui mtu. Miezi ya kuzunguka ndiyo inayoua.

Halafu hilo la kugusa wakati wa kuoga. Mkono wako hauwezi kulinganisha leo na ule mwezi mwingine. Munganga alipima mwanzo, 5 kwa 4. Je, amepima tena? Kila mzunguko kuna mstari wa kuandikwa kwenye fishi: urefu, upana, tezi za kwapa. Muulize namba ya mwisho. Kutoka 5 kuwa 4 na nusu vidole havitakuambia, rula itakuambia. Uvimbe usiopungua na uvimbe unaokua pia si kitu kimoja: ukikua chini ya dawa, mpango unabadilishwa haraka, hapo hakuna kungoja mzunguko umalizike.

Mdogo_wa_Katuba:
Asanteni sana bandugu. Nimeangalia fishi: mzunguko wa tatu waliandika "5 x 4, haijabadilika". Kwa hiyo haikui, lakini haipungui.

Karatasi ya anapati niko nayo mkononi. Naandika kwa Kiswahili: karisinoma ya lobula iliyopenya. Daraja 2. RE: negatifu. RP: negatifu. HER2: 1+. Chini kuna saini na muhuri. Munganga alitueleza kwamba ni ile aina isiyo na homoni, kali, haina vidonge, dawa yake ni shimio tu.

Vioo_na_Parafini:
Dada, hebu tulia nikuulize jambo. Umeandika "lobula". Una hakika? Si "ya mifereji"?

Mdogo_wa_Katuba:
Lobula kabisa. Nimesoma mara mbili, na binti yangu amesoma.

Vioo_na_Parafini:
Basi hapo ndipo pa kuulizia.

Kansa ya titi iliyo ya kawaida zaidi ni ya mifereji, yaani njia za maziwa. Ya lobula, yaani ya vijitezi vinavyotengeneza maziwa, ni chache, na ina tabia yake: seli zinatembea mstari mmojammoja ndani ya nyama, hazijikusanyi kwa fujo. Na zaidi ya tisa kati ya kumi za lobula za kawaida zina vipokezi vya homoni. Ikija karatasi ya lobula yenye RE negatifu na RP negatifu, msomaji mzuri hasemi "haiwezekani", maana zipo. Anasema "rudieni". Ni kanuni ya kazi: aina na kipimo zikipingana, unarudia kipimo kabla ya kukiamini. Na kuna jambo la pili linalokaa upande huohuo. Lobula zenye homoni zinajulikana kwa kutopungua sana kwa shimio. Uvimbe wa yaya haujapungua. Sisemi karatasi ni mbaya, ila mambo mawili yanaelekeza kidole mahali pamoja.

Sasa nieleze siku ile ya kutobolewa. Vipande viliwekwa ndani ya nini, na nani alivibeba?

Mdogo_wa_Katuba:
Shemeji ndiye alivibeba. Ilikuwa Ijumaa mchana. Formoli ilikuwa imekwisha pale, wakaweka vipande kwenye maji ya serumu (maji ya dripu) ndani ya kichupa cha dawa ya sindano, wakafunga na plasta nyeupe, wakaandika jina kwa biki. Wakatuambia tutafute formoli sisi wenyewe na kupeleka maabara. Maabara ilikuwa imefungwa. Kichupa kililala nyumbani kwenye dirisha, formoli ilipatikana Jumamosi jioni kwa mtu wa famasi, ikamiminwa humohumo juu ya serumu. Kilipelekwa Jumatatu.

Vioo_na_Parafini:
Umenipa jibu kabla sijauliza vizuri.

Nyama ikitoka mwilini inaanza kuoza wakati uleule, hata kama jicho halioni. Miongozo ya vipimo vya titi inataka iingie formoli ndani ya saa moja, formoli ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ikae humo kuanzia saa 6 mpaka 72. Na iwe nyingi, kama mara kumi ya nyama. Serumu haihifadhi kitu. Vipokezi vya homoni ni vya kwanza kuharibika. Umbo la seli linaweza kubaki la kutosha kusema "hii ni kansa, hii ni lobula", ilhali rangi ya RE haina tena pa kushikia. Kioo kinatoka cheupe. Msomaji anaandika negatifu.

Namna ya kukamata jambo hili ipo palepale kwenye kioo. Ndani ya kipande cha titi mara nyingi kuna vifereji vizima, visivyo na kansa, na hivyo lazima vishike rangi ya RE hapa na pale. Hao ni mashahidi wa ndani. Kama vifereji vizima navyo ni vyeupe, kipimo hakikufanya kazi, na neno sahihi ni "haisomeki". Kati ya "negatifu" na "haisomeki" kuna miaka ya matibabu.

Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari wa pili wa patholojia lisiwe "mnaonaje". Liwe hivi: je, ni lobula kweli, na je, mashahidi wa ndani walishika rangi? Omba bloki pamoja na vioo, vyote viwili. Bloki ni ya mgonjwa kuiazima, maabara itakusainisha daftari. Waambie wasikate yote, maana vipande vya sindano ni vyembamba na vinaisha. Na safarini usiiweke juu ya dashibodi ya gari. Parafini inaanza kuyeyuka karibu na nyuzi 56, na dashibodi kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa saa nane mchana inafika hapo bila shida.

Mzee_wa_Likasi:
Nimesoma yote. Nataka kupinga kidogo, mnisamehe vijana.

Jirani yangu alianza na munganga mmoja, akaambiwa titi likatwe. Hakupenda. Wa pili akasema likatwe. Hakupenda. Alikuwa hatafuti maoni, alikuwa anatafuta mtu atakayesema lisikatwe, na ukitafuta hivyo utampata tu. Alimpata: mtu wa maombi na mafuta. Tulimzika.

Kwa hiyo mimi nasema, mkienda kwa wa pili mjue mapema mtafanya nini akikubaliana na wa kwanza. Kama jibu ni "tutatafuta wa tatu", msiende.

Mama_Kamalondo:
Mzee, hapo umesema kweli, na mimi ni mfano wa upande wa pili. Miaka iliyopita niliambiwa uvimbe mdogo, naweza kuchagua: kukata uvimbe peke yake kisha mionzi, au kukata titi lote. Niliogopa. Nikauliza daktari mwingine, naye akasema lilelile, neno kwa neno. Wengine wangeona nimepoteza pesa. Mimi nililala usiku ule.

Na alinieleza kitu ambacho wa kwanza hakuwa na muda wa kueleza. Mwaka 2002 zilitoka ripoti mbili za miaka 20 za wanawake waliofuatiliwa, wengine Marekani na wengine Italia: waliokatwa uvimbe tu wakapata mionzi waliishi sawa na waliokatwa titi lote. Lakini mionzi ni sehemu ya mkataba. Bila mionzi, kansa inarudi kwenye titi lilelile mara nyingi zaidi. Akaniuliza: mama, utaweza kukaa Lusaka wiki kadhaa, na nani atabaki na watoto? Nilipofikiri watoto, nikachagua kukata lote. Uamuzi ulikuwa wangu, na sijautamani mwingine.

Dada, kuhusu kumuudhi munganga: mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, ukiwa na yaya. Sema "dokta, tunaomba bloki na barua, tunataka isomwe mara ya pili, na mzunguko wa nne tutakuja." Munganga anayejua kazi yake hafungi mlango kwa hilo. Akikasirika, basi nalo umelijua mapema.

Wa_Bukavu_Nyawera:
Sisi wa huku, mipaka ikiwa wazi, tunatazama Rwanda. Butaro ni kituo cha saratani tangu 2012, mionzi iko Kigali pale hospitali ya jeshi ya Kanombe. Barua ya rufaa ni muhimu kuliko pesa ya nauli, mtu bila barua anakaa kwenye benchi. Lubumbashi sijui mnapitia wapi.

Mama_Kamalondo:
Sisi ni Kasumbalesa, kisha barabara ya Ndola mpaka Lusaka. Hospitali ya saratani iko ubavuni mwa UTH, hospitali kuu ya chuo kikuu, ilizinduliwa mwaka 2007. Kumbukeni karatasi zetu ni za Kifaransa na kule wanasoma Kiingereza. Tafsiri mapema, na RE muandike ER juu yake, wasije wakadhani ni kitu kingine. Pigeni simu kabla ya kupanda gari, muulize kama mashine ya mionzi inafanya kazi na foleni ikoje. Na kitabu cha njano, kile cha chanjo, msisahau.

Mdogo_wa_Katuba:
Bandugu, narudi na habari, si mwisho bado.

Tulienda watatu kwa munganga wetu: yaya, shemeji na mimi. Mama alibaki nyumbani anasali. Nilisema yale maneno ya Mama Kamalondo karibu yote, sauti ikitetemeka. Munganga alivua miwani. Akauliza nani ametuambia habari ya mashahidi wa ndani. Nikasema ni fundi mmoja wa mtandaoni. Akacheka. Kisha akauliza kichupa kilikaa vipi mwisho wa wiki ile, na shemeji akaeleza, na hapo hakucheka tena. Akasema hakuna aliyemwambia, karatasi ilimfikia ikiwa safi na muhuri. Aliandika barua yeye mwenyewe palepale, dozi zote, tarehe zote, eko ya moyo, na akaweka namba yake ya simu chini ili daktari wa kule ampigie. Mzunguko wa nne amepata.

Maabara ndiyo ilisumbua. Mara bloki haionekani, mara mwenye ufunguo hayupo. Shemeji alirudi mpaka wakamjua jina.

Muuguzi_Ruashi:
Hongera kwa shemeji. Alianza na wazo bovu, amemaliza na kazi ngumu kuliko wote.

Mdogo_wa_Katuba:
Habari nyingine. Bloki na vioo vilifika Lusaka, ndani ya pochi ya mama mdogo wetu wa Ndola, si kwenye dashibodi. Daktari wa patholojia aliandika hivi: lobula, anakubali. RE na RP, haisomeki, vifereji vizima navyo havikushika rangi. Anaomba vipande vipya.

Yaya alikataa kutobolewa tena. Siku nzima. Alisema amechoka kuwa kitu cha kuchokonolewa. Sikumsukuma. Usiku aliniuliza mwenyewe, "wakikuta homoni iko, ni vidonge?" Nikamwambia ndiyo, vidonge, pamoja na mengine. Asubuhi akasema twende.

Safari hii tulinunua formoli mapema, nikasimama na kichupa mkononi kama mtu wa kanisa na sahani ya sadaka, kipande kikaingia mbele ya macho yangu, na saa ikaandikwa juu ya lebo. Jibu: RE asilimia 90, inashika kwa nguvu. RP ipo pia. HER2 imebaki 1+, yaani negatifu.

Vioo_na_Parafini:
Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Hiyo saa kwenye lebo, wafundishe wengine wote hapo hospitalini.

Mdogo_wa_Katuba:
Asante yaya wa vioo. Sasa subiri, furaha ilileta fujo yake. Kaka wa Johannesburg alisikia "vidonge" akasema basi shimio iachwe, tuanze tamoksifeni kesho, akatuma hata pesa. Madaktari wote wawili, munganga wetu na yule wa Lusaka, walikataa. Tamoksifeni haichanganywi na shimio, inangoja imalizike. Na tezi za kwapa zimeguswa, kwa hiyo upasuaji na mionzi viko palepale. Vidonge vinaongezwa, havifuti kitu.

Wameachana sehemu moja tu. Wa kwetu alitaka baada ya dawa nyekundu aendelee na dawa ya pili, ile ya kila wiki kwa wiki 12, kisha upasuaji. Wa Lusaka anasema kwa lobula yenye homoni nyingi hivyo, uvimbe hautarajiwi kupungua sana hata kwa hiyo, afanyiwe upasuaji sasa, dawa ya pili ipimwe baadaye kutokana na tezi zitakazohesabiwa. Walipigiana simu. Hatukuwa ndani ya mazungumzo. Munganga wetu alirudi akatueleza pande zote mbili, hata ule ambao si wake, akasema zote mbili zinakubalika, na akamuuliza yaya anataka nini. Ni mara ya kwanza mtu kumuuliza tangu mambo haya yaanze. Yaya akasema: kata kwanza.

Muuguzi_Ruashi:
Vizuri. Kabla ya upasuaji muulizeni mpasuaji atatoa tezi ngapi za kwapa, na karatasi ya baadaye iziandike kwa hesabu, ngapi zimeguswa kati ya ngapi. Kwenye usafishaji kamili wa kwapa zinategemewa kumi au zaidi. Ikirudi karatasi yenye mbili tatu, ombeni maabara irudie kutafuta kwenye kile kipande kikubwa kabla hawajakitupa. Na mazoezi ya mkono yaanze mapema, mkono usivimbe na bega lisikauke. Ndoo ya maji abebe kwa mkono wa kulia.

Kijana_Kolwezi:
Samahani kuingilia. Mama yangu alikatwa titi mwaka 2019, hakuwahi kupimwa RE wala HER2, tuliambiwa tu imekwisha. Sasa ana maumivu ya mgongo. Ile nyama ya 2019 bado inaweza kupimwa, au imekwisha kufa?

Vioo_na_Parafini:
Kijana, mambo mawili, na la kwanza haliwezi kungoja. Maumivu ya mgongo kwa mama aliyewahi kuwa na kansa ya titi yanapigwa picha wiki hii, usisubiri bloki. Akianza kulegea miguu au kushindwa kuzuia mkojo, ni hospitali usiku huohuo.

La pili, ndiyo, bloki ya 2019 kwa kawaida bado inapimika kama ilitiwa formoli vizuri na haikukaa kwenye joto. Ila picha ikionyesha kansa imetokea mahali pengine, daktari anaweza kutaka kipande kipya cha mahali hapo, kwa sababu vipokezi hubadilika kati ya ile ya zamani na ya sasa. Nenda kwenye maabara iliyoandika karatasi ya 2019, na usiende na jina la mama peke yake, majina yanafanana. Tafuta namba ya anapati juu ya karatasi, upande wa kulia au chini ya tarehe. Kama karatasi imepotea, daftari la chumba cha upasuaji la mwaka ule litakuwa na tarehe, na kwa tarehe hiyo wataipata namba.

Kijana_Kolwezi:
Karatasi iko kwa shangazi, Likasi. Naenda kesho asubuhi. Picha ya mgongo namtuma mdogo wangu ampeleke mama leo.